Kinu cha megawati 1,000, gridi ipi?

Mhariri,

Mjadala huu nimeuvumilia miaka mingi, lakini ile makala yenu ya kinu cha nyuklia kinachopangwa Siaya imenishinda. Mmewapanga watu wa nyuklia upande huu, wa jua na upepo upande ule, wakavutana kuhusu mionzi na tabianchi ukurasa mzima, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa gridi yetu, yaani mtandao wa umeme wa taifa, ina ukubwa gani.

Tuanze na tabianchi, maana ni fupi. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya tayari unatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ulinyang'anywa leseni mwaka 2019. Kinu hicho kitafunga mtambo gani wa makaa?

Sasa gridi. Mapema mwaka 2025 kilele cha matumizi ya jioni kilipita kidogo megawati 2,300, na usiku wa manane hushuka hadi karibu nusu. Kanuni inayotolewa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki ni kwamba kinu kimoja kisizidi takriban asilimia 10 ya uwezo wa gridi. Kwetu, hata ukihesabu uwezo wa mitambo yote badala ya matumizi, hiyo ni megawati 300 na ushei. Wizara inazungumzia 1,000.

Mtambo mkubwa ukijitoa ghafla, frikwensi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, huanza kuporomoka kutoka hezi 50 papo hapo, na mitambo mingine ina sekunde chache tu za kuongeza nguvu. Ikishindwa, rilei, zile swichi za kujikinga, hukata wateja, laini moja baada ya nyingine. Zikichelewa, mitambo iliyosalia nayo hujitoa ili isiharibike, na nchi nzima imelala giza. Dawa yake ni kuweka megawati 1,000 nyingine tayari, usiku na mchana, na atakayezilipia ni mwenye tokeni. Tarehe 25 Agosti 2023 mtambo wa upepo wa Turkana ulitoka ukiwa unazalisha megawati 270. Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, ikaulaumu. Wenye mtambo wakajibu kwamba volteji ya gridi ndiyo iliyopanda ikawatoa. Mwamini unayemtaka, stima zilipotea nchi nzima, na kwenye uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, jenereta ikakataa kuwaka. Na kinu cha nyuklia ukikizima, hakijazimika. Fueli yake huendelea kutoa joto, mwanzoni asilimia 6 hivi ya nguvu kamili, yaani karibu megawati 180 za joto kwa kinu cha ukubwa huo (joto lake kamili ni kama mara tatu ya umeme wake), na pampu za kukipoza zinategemea gridi ile ile iliyoanguka. Gridi isipokuwepo, ni dizeli. Kwenye kinu cha Fukushima, Japani, mwaka 2011 jenereta za dizeli zilizamishwa na tsunami. Zetu huwa hata hazingoji tsunami.

Wanaotutajia Koeberg, kituo cha nyuklia cha Afrika Kusini karibu na Cape Town, nao watueleze yote. Kila kinu pale kinapita megawati 900, lakini gridi ya Afrika Kusini ni zaidi ya mara kumi ya yetu. Hata hivyo, Desemba 2005 bolti moja tu ndani ya jenereta ilisimamisha kinu kimoja, rota nyingine (sehemu ya jenereta inayozunguka) ikaletwa kutoka Ufaransa, na watu wa Cape Town wakakatiwa umeme kwa zamu.

Na tukiwa hapo hapo: kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria usiku mvuke huachiwa hewani kwa kukosa mnunuzi, ilhali magharibi hukatiwa stima jioni. Mitambo 365 ya upepo ya Turkana ilisimama zaidi ya mwaka mzima ikingoja laini ya kilomita 428 hadi Suswa, na faini tukalipishwa sisi.

Pendekezo langu ni la bei nafuu. Jumapili moja, saa tisa usiku, wizara izime megawati 270 kwa makusudi bila kukidokezea chumba cha kudhibiti gridi. Taa zikibaki, Jumapili inayofuata wazime 500. Wakifika 1,000 na friji ya waziri ingali inanguruma, wamwage zege.

Nanyi gazetini, lile jedwali lenu limechanganya megawati na megawati-saa safu mbili nzima. Lirekebisheni.

Mhandisi mstaafu wa gridi,
Naivasha