Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Usitie saini kabla hujatusikia

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA LESENI YA MITAMBO YA UPEPO INAYOKUSUDIWA KUJENGWA JUU YA VIJIJI VYETU

Sisi ni wakazi wa vijiji vitatu vilivyo chini ya mlima ambao juu yake mwekezaji anakusudia kusimamisha mitambo 24 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua zetu mbili za awali, tulizozipeleka wenyewe kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa, hazikujibiwa. Tumeambiwa kwamba maombi ya leseni yamekwisha kufika mezani kwako. Ukishatia saini, lolote tutakalosema litahesabiwa kuwa malalamiko, ilhali leo bado ni maoni ambayo sheria inakutaka uyapime.

Tungependa kwanza ufahamu kwamba hatupingi umeme wa upepo. Mitambo hii haichomi mafuta wala haitoi moshi, na nyumba nyingi katika vijiji vyetu hazijafikiwa na nguzo hata moja ya umeme, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kutufundisha faida ya taa. Wala hatusimami pamoja na wale waliosema katika mkutano wa hadhara kwamba mapanga ya mitambo hufukuza mvua au huwafanya wanyama kuwa tasa. Maneno hayo hayana msingi, na aliyenipa kazi ya kuandika barua hii, yaani kamati ya vijiji vitatu, alinitaka niyakane waziwazi. Ila ni haki kuongeza kwamba uvumi huo ulienea katika miezi ile ambayo hapakuwa na mtu yeyote wa kutuelezea mradi ulivyo, na kwamba wawakilishi wa mwekezaji waliutumia baadaye kuwacheka hata waliouliza maswali ya maana.

Tunachokipinga ni mahali palipochaguliwa na namna palivyochaguliwa. Mlingoti wa kupimia upepo ulisimamishwa mlimani na kukaa huko miezi 18, ukirekodi kasi na mwelekeo wa upepo usiku na mchana. Kuwapima wananchi kulichukua mkutano mmoja wa saa mbili, siku ya kazi, asubuhi, wakati wengi wetu tuko mashambani. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iliwekwa nakala moja tu, katika ofisi iliyo safari ya nusu siku kutoka hapa, tena kwa lugha ambayo wengi wetu hatuisomi. Mahudhurio ya mkutano ule, ambayo tulisaini kama ilivyo desturi ya kila mkutano, sasa tumeyaona yameambatishwa kwenye maombi ya leseni kama ushahidi kwamba tumeridhia. Mheshimiwa, kusaini kuwa umehudhuria si kukubali.

Tunaelewa kwa nini mlima unatamaniwa. Nguvu inayoweza kupatikana kwenye upepo huongezeka kwa mchemraba wa kasi yake, maana yake upepo ukienda kasi maradufu, nguvu iliyomo ndani yake huwa mara nane, na ndiyo maana tofauti ndogo ya kasi kati ya bondeni na kileleni ni tofauti kubwa katika hesabu za mwekezaji. Hata hivyo ramani ya upepo iliyomo ndani ya ripoti hiyohiyo inaonyesha uwanda ulio ng'ambo ya mlima, usio na makazi, ukiwa na upepo unaokaribiana na huu wa juu yetu. Tulipouliza kwa nini uwanda ule umeachwa, jibu lilikuwa kwamba barabara ya kupitishia mapanga ingekuwa ndefu zaidi na njia ya kupeleka umeme kwenye gridi ya taifa ingeongezeka kilomita kadhaa. Hilo ni jibu la gharama, na gharama ni jambo la kujadiliwa. Kinachotusumbua ni kwamba mwekezaji akiepuka gharama hiyo haipotei, bali inahamia kwetu, na hakuna aliyekaa chini kuihesabu.

Sehemu kubwa ya gharama hiyo ni sauti, na hapa tunaomba uvumilivu wako, kwa kuwa ndipo ripoti ilipo dhaifu kuliko kwingine kote. Kila mtambo utakuwa na urefu wa mita 150 hadi ncha ya panga likiwa juu, na nyumba iliyo karibu zaidi iko mita 380 kutoka kwenye msingi. Ripoti inasema kwamba sauti itafunikwa na mvumo wa upepo wenyewe. Kwa mchana jambo hilo laweza kuwa kweli. Usiku mambo hubadilika: ardhi hupoa, hewa ya chini hutulia, majani hayatikisiki, huku upepo wa juu, kwenye kimo cha mapanga, ukiendelea kuvuma kwa nguvu. Mitambo huzunguka kwa kasi yake yote juu ya kijiji kilichokaa kimya, na mvumo wake hupanda na kushuka kila panga linapopita, kama pumzi ya mtu aliyelala vibaya. Hali hiyo inajulikana kwa wataalamu, wala hatukuibuni sisi. Pamoja na hayo, vipimo vyote vya sauti vilivyomo kwenye ripoti vilichukuliwa kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni.

Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilitoa mwongozo mwaka 2018 uliopendekeza kwamba wastani wa sauti ya mitambo ya upepo, ukikokotolewa kwa kuupa usiku uzito zaidi, usizidi desibeli 45. Shirika lilikiri kwamba ushahidi bado si mwingi na kuliita pendekezo hilo la masharti, nasi hatutaki kulifanya zaidi ya lilivyo. Lakini tukiwa na mwongozo kama huo, vipimo vya mchana pekee haviwezi kutujibu kama tutalala.

Nchi zilizotangulia katika teknolojia hii hazikuacha umbali uamuliwe na mwekezaji. Denmark, ambayo haiwezi kuitwa adui wa upepo, haikubali mtambo usimame karibu na nyumba kwa umbali ulio chini ya mara nne ya urefu wake. Kwa mitambo hii ingekuwa mita 600. Jimbo la Bavaria huko Ujerumani liliwahi kuweka mara kumi ya urefu mwaka 2014, Poland ikafuata mwaka 2016, na kote kuwili masharti yakalegezwa baadaye kwa sababu yaliua karibu kila mradi. Hatuombi mara kumi. Tunaomba kipimo chochote kilichowekwa na sheria, kinachojulikana kabla ya ramani kuchorwa, kwa sababu mita 380 hazikutokana na kanuni yoyote tunayoweza kuonyeshwa.

Kuna suala la mikataba. Familia 11 ambazo mashamba yake yako kwenye ukingo wa mlima zimekwisha kusaini kukodisha ardhi kwa miaka 30, na mwekezaji pekee ndiye mwenye hiari ya kuongeza muda. Mkataba unamkataza mwenye shamba kujenga au kupanda chochote kirefu kinachoweza kuzuia upepo, unamkataza kueleza masharti yake kwa mtu mwingine, na hausemi lolote kuhusu kitakachotokea kampuni ikiuzwa. Katika familia hizo, aliyesaini ni mwanamume peke yake. Wake zao, ambao ndio wanaolima mashamba hayo, walisikia habari mapatano yalipokwisha. Na majirani, wale watakaosikia mvumo huo kila usiku lakini minara haikuangukia ndani ya mipaka yao, hawatalipwa chochote. Mpango wa namna hii humfanya mtu amwangalie jirani yake kwa jicho baya, na tayari umeanza kufanya hivyo.

Yako mataifa yaliyojaribu njia nyingine. Nje ya bandari ya Copenhagen, mradi wa Middelgrunden wenye mitambo 20 ulijengwa karibu na mwaka 2000 huku nusu yake ikimilikiwa na ushirika wa wananchi zaidi ya 8,000. Sheria ya Denmark ya mwaka 2008 iliwalazimu wawekezaji kuwauzia wakazi wa karibu angalau asilimia 20 ya hisa, na utaratibu huo ulipobadilishwa baadaye, majirani waliwekewa malipo ya kila mwaka. Sisi hatujaonyeshwa hisa, wala malipo ya majirani, wala ahadi ya maandishi kwamba hata waya mmoja wa umeme huo utashuka kwenye nyumba zetu.

Siku itakapofika ya kuondoa mitambo, nani atakuwepo? Mtambo wa upepo huishi takriban miaka 20 hadi 25. Minara ni chuma, nacho hununuliwa na wanaoyeyusha vyuma. Mapanga ni ya nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu, hayayeyushwi kwa urahisi, na katika mji wa Casper, jimbo la Wyoming nchini Marekani, yamekuwa yakikatwa vipande na kufukiwa ardhini. Chini ya kila mnara huwa kuna mamia ya mita za ujazo za zege na nondo. Ripoti inaeleza kwa sentensi moja kwamba eneo «litarejeshwa katika hali yake ya awali». Tunataka fedha za kazi hiyo ziwekwe benki tangu siku ya kwanza, mahali ambapo mwekezaji hawezi kuzigusa hata akifilisika.

Kuhusu ndege tutasema kidogo tu, kwa kuwa wapo wenye ujuzi zaidi yetu. Mlima huu una tai wanaotumia upepo uleule unaotafutwa na mwekezaji. Tai wa aina hiyo hutaga yai moja kwa mwaka, kwa hiyo kifo cha ndege wachache waliokomaa si jambo dogo. Huko Smøla, Norway, watafiti walipaka rangi nyeusi panga moja la kila mtambo kwenye mitambo minne, na vifo vya ndege vikapungua kwa zaidi ya asilimia 70. Ikiwa kopo la rangi laweza kufanya hayo, ni ajabu kwamba halikutajwa popote.

Mheshimiwa Waziri, huenda ukashauriwa utoe leseni sasa na kuyaacha mengine yarekebishwe mbele ya safari. Tunakuomba utazame yaliyowapata waliofanya hivyo. Katika rasi ya Fosen, Norway, mitambo 151 ilijengwa katika malisho ya wafugaji wa Kisami, jamii ya wenyeji asilia wa kaskazini mwa Ulaya, huku kesi yao ikiwa bado mahakamani. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kauli moja kwamba leseni zilivunja haki za wafugaji hao. Mitambo ilikuwa imekwisha kusimama, na ikaendelea kuzunguka. Vijana wakaja kuziba milango ya wizara Oslo mwaka 2023, Serikali ikaomba radhi, na mapatano yakapatikana kwa kuchelewa. Walishinda kesi, lakini mlima haukurudi.

Kwenye jirani ya Ziwa Turkana, Kenya, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 ilijengwa katika ardhi ya wafugaji, na Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru ikaamua kwamba hati miliki za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu. Wananchi walikuwa wamefungua shauri tangu 2014, kabla ya minara. Na kule Kinangop, katika nchi hiyohiyo, mradi wa megawati 60 ulikutana na upinzani wa wakulima waliolalamikia ardhi na ushirikishwaji, yakatokea maandamano yaliyomwaga damu, na mwaka 2016 wawekezaji wakaufuta kabla haujazalisha hata uniti moja. Hakuna aliyefaidika Kinangop: wawekezaji, taifa, wala wakulima. Hatutaki kufika huko, na ndiyo maana tunatumia kalamu.

Kwa hiyo tunakuomba usitie saini leseni hii hadi vipimo vya sauti vifanywe usiku, katika majira yote, na mtaalamu asiyelipwa na mwekezaji. Hadi uwanda wa ng'ambo ya mlima uchunguzwe kwa uzito uleule uliopewa ukingo huu na gharama za pande zote mbili ziwekwe wazi. Na hadi ripoti itafsiriwe, isambazwe katika kila kijiji, na mkutano uitishwe jioni au siku ya mapumziko, wanawake wakiwemo, kura zikipigwa kwa siri. Mikataba iliyokwisha kusainiwa ipitiwe na wakili ambaye familia zitamchagua wenyewe. Baada ya hayo, mradi ukionekana kufaa mahali pengine au kwa idadi ndogo ya mitambo, tutakuwa tayari kukaa mezani, na baadhi yetu tumekwisha kusema tungependa kununua hisa.

Barua hii imeambatishwa na saini za kaya 412, zikiwemo kaya saba kati ya zile 11 zilizokodisha ardhi zao. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, nasi tutalisoma kwa sauti mbele ya wote, vyovyote litakavyokuwa. Ukipenda kuja mwenyewe, tunakusihi ulale usiku mmoja katika nyumba ile iliyo mita 380 kutoka kwenye kigingi chekundu kilichopigwa na wapimaji. Mwenye nyumba amekwisha kukubali, na kitanda kipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu, kwa niaba ya kamati ya vijiji vitatu