Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mazingira: ipimeni ghuba siku mbaya

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: UPIMAJI WA MAJI, TOPE NA VIUMBE VYA GHUBA

Pokea salamu zangu. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu ripoti yako ya mwaka nayo ilitolewa hadharani, na kwa sababu wanaoguswa na jambo hili ni wote wanaoogelea, wanaovua na wanaoishi kandokando ya ghuba. Ripoti nimeisoma yote, hadi majedwali ya mwisho. Inasema hali ya maji "kwa wastani inaridhisha". Neno hilo "wastani" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nimekuwa fundi wa maabara kwa miaka mingi, na kuchota maji ya bahari kulikuwa sehemu ya kazi yangu. Tulitoka saa nne asubuhi, gari likishapatikana. Mvua ikinyesha, safari iliahirishwa. Tulisimama pale gari lilipoweza kufika, tukajaza chupa, tukarudi. Hakuna aliyeghushi kitu, na kila namba tuliyoandika ilikuwa ya kweli. Siku moja mvuvi mzee aliyekuwa akishona nyavu alitutazama hadi tukamaliza, kisha akasema, "Wanangu, kila siku mnakuja kuipima bahari ikiwa imelala." Sikuwa na jibu. Maneno yale nimekaa nayo muda mrefu, na kadiri ninavyoyafikiri ndivyo ninavyoona kwamba alikuwa ameeleza kasoro ya mpango mzima.

Chukua bakteria wa kinyesi, wale enterokoki tunaowatumia kama ishara kwamba majitaka yameingia baharini. Jua kali huwaua upesi. Maji yaliyokuwa machafu alfajiri yanaweza kuonekana safi mchana, ilhali watoto walishaogelea asubuhi. Halafu mvua: ile ya kwanza baada ya siku nyingi za jua hufagia barabara zote na kushusha baharini mafuta ya magari, kinyesi cha wanyama na taka zilizokuwa zikisubiri. Pale ambapo majitaka na maji ya mvua hupita katika bomba moja, bomba hulemewa na kumwaga kila kitu bila kusafishwa. Hizo ndizo saa tulizokuwa tukiahirisha safari.

Wavuvi pia wanajua kitu ambacho ratiba zetu hazikukijua. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji ya ghuba hubadilika kwa nguvu. Wakati wa maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo tu, mkondo hulegea, na uchafu ulioingia ndani kabisa hukaa hapohapo. Sampuli isiyoandikwa maji yalikuwa yakijaa au yakipwa ni nusu ya habari.

Oksijeni nayo ina mtego wake. Mchana mwani hutengeneza oksijeni, usiku nao huivuta kama viumbe wengine. Ukitumbukiza kifaa juujuu adhuhuri utapata namba ya kupendeza, huku chini, karibu na tope, uchafu unaooza ukiwa umeimaliza hewa yote. Ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wenye uwezo wa kukimbia hukimbia, na viumbe vilivyojishikiza chini hufa. Kwa hiyo kipimo cha maana ni cha chini, kabla jua halijapanda.

Ndiyo maana nauogopa wastani. Shirika la Afya Duniani, linapopanga madaraja ya maji ya kuogelea, haliangalii wastani. Linaangalia kiwango ambacho sampuli 95 kati ya 100 hazikivuki. Kiwango hicho kisipozidi enterokoki 40 katika mililita 100, maji yamo katika daraja la juu. Kikizidi 500, yamo katika daraja la chini kabisa. Hesabu hiyo inazipa uzito siku mbaya kwa sababu tumbo la mtoto huugua kwa maji aliyoyameza siku ile, si kwa hesabu ya mwaka.

Nina hofu kubwa zaidi ya hiyo, nayo ni kwamba tunapima maji peke yake. Bakteria huja na kuondoka, lakini metali zenye sumu kama risasi, kadmiamu na zebaki hunasa kwenye chembe laini za tope na kukaa humo miaka mingi. Maji yakawa maangavu, na sumu iko chini ya miguu. Ripoti yako ina kurasa nyingi juu ya maji na haina hata jedwali moja la mashapo, yaani tope la chini, wala la nyama ya samaki, kome au chaza. Viumbe hawa wanaochuja maji usiku na mchana hukusanya miilini mwao kile ambacho chupa yetu ya dakika moja haikioni.

Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza ndio waliotoa taarifa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 magamba yao yalianza kuwa manene na yenye vyumba tupu ndani, na kizazi kipya kikashindwa kushika. Sababu ilikuwa tributilitini, sumu iliyochanganywa kwenye rangi ya kuzuia viumbe kunata chini ya mashua. Ilidhuru hata kwa nanogramu chache kwa lita. Mwaka 1982 Ufaransa ilipiga marufuku rangi hiyo kwa vyombo vilivyo chini ya mita 25, na chaza wakaanza kuzaa tena. Mkataba wa kimataifa wa kuikataza kwenye meli ulianza kutumika 2008, miaka 26 baadaye.

Na kuna ghuba ya Minamata. Nchini Japani, mwaka 1956, ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliripotiwa rasmi miongoni mwa familia za wavuvi, baada ya paka waliokula samaki kuonekana wakitetemeka na kufa. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitaja zebaki kuwa chanzo. Kiwanda cha kemikali cha hapo kiliendelea kumwaga majitaka yenye zebaki hadi 1968. Miaka 9, Mheshimiwa, baada ya jibu kujulikana. Siwezi kuisoma habari hiyo bila kuwafikiria akina mama waliokuwa wakipika samaki wale kila jioni katika miaka hiyo. Tope lilibidi lichimbuliwe na kufukiwa, na wavu uliozungushwa kuzuia samaki wa ghuba wasitoke uliondolewa 1997.

Kwa hiyo tusipime tu. Tuamue mapema kila namba itatufanya tuchukue hatua gani. Mjini Boston, Marekani, kabla ya kufungua bomba jipya linalopeleka majitaka yaliyosafishwa umbali wa takriban kilomita 15 baharini, walianza kupima mwaka 1992 ili wajue hali ilivyokuwa, na bomba likafunguliwa Septemba 2000. Waliandika mapema viwango vya tahadhari na vya onyo. Hapa kwetu bomba jipya limeshachorwa, na sijaona popote vipimo vya "kabla". Likishafunguliwa, nafasi hiyo hairudi tena.

Najua fungu lako ni dogo, na sikuombi umtume fundi kwenye mashua wakati wa dhoruba. Anaweza kuchota ufukweni, penye midomo ya mifereji. Maabara huhitaji takriban saa 24 kuotesha enterokoki, kwa hiyo onyo la mvua lisingoje majibu: Kaunti ya Los Angeles hushauri watu wasiingie baharini karibu na mifereji kwa saa 72 baada ya mvua, na shauri kama hilo halihitaji kifaa chochote. Wavuvi wanaweza kushusha sahani ya Secchi, kifaa rahisi cha kupimia uangavu wa maji kilichobuniwa 1865, na kuandika ni kina gani inapotea machoni. Tope na kome wapimwe hata mara moja kwa mwaka, mahali palepale.

Kisha tupeni namba zenyewe. Kila sampuli na saa yake, hali ya maji na mvua, na pale ambapo hamkwenda, andikeni kwamba hamkwenda. Ufilipino ilifika mahali Mahakama ya Juu, mwaka 2008, ikaziamuru taasisi za serikali kuisafisha Ghuba ya Manila na kuleta taarifa kila miezi 3. Ningependa sisi tulifanye jambo hili kwa kuzungumza.

Mvua ya kwanza ikianza, nitakuwa kwenye mdomo wa mfereji mkubwa kabla ya mapambazuko, na chupa zangu safi na sanduku la barafu. Naomba nimkute fundi wako pale. Nitamwonyesha mahali pa kusimama.

Wako,
Fundi wa maabara mstaafu, mkazi wa kando ya ghuba