Fumbo la tamthilia liwe na jibu tuliloweza kuliona

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye wiki iliyopita aliandika kwamba watazamaji wa Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza kuhusu msafiri wa nyakati aitwaye Daktari, tuliolalamikia jibu la fumbo la nani ni mama yake Ruby Sunday, binti anayesafiri na Daktari, ni watu tusioridhika, kwa kuwa miaka mingi kabla ya hapo tulishangilia jibu la namna ile ile katika fumbo la mtu atakayebisha hodi mara nne. Anasema kwamba mara zote mbili tulimtarajia kigogo, tukaletewa mtu wa kawaida. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kuwa mafumbo yote mawili yalimalizwa na kalamu moja, ya Russell T Davies. Hata hivyo, nadhani ndugu yetu ametazama nani aliyekuwa jibu, asitazame jibu lenyewe limefikiwaje.

Aprili 2009, katika kipindi kile cha basi lililopotelea jangwani kwenye sayari nyingine, abiria aitwaye Carmen, mwenye kipaji cha kuhisi yajayo, alimwonya Daktari kwamba wimbo wake unakaribia kwisha, yaani kifo chake ki karibu, na kwamba yuko atakayebisha hodi mara nne. Mashabiki wakaanza kubishana mbishaji ni nani. Wengi walimtaja Master, hasimu wake wa tangu zamani, ambaye kichwani mwake ilivuma bila kukoma ngoma ya mapigo manne. Novemba ya mwaka huo huo, kule Mars, mmoja wa watu waliogeuzwa viumbe wa kutisha na maji yenye maambukizi aligonga mlango mara tatu, na Daktari akaupitisha umeme mlangoni kabla pigo la nne halijafika. Kila aliyetazama alielewa jinsi hofu ilivyokuwa imemwingia.

Ikafika 1 Januari 2010. Master ameondoka, Daktari ameanguka kutoka angani na bado anapumua, na ndiyo kwanza anaanza kuamini kwamba utabiri umempita. Hapo ndipo inaposikika sauti ndogo ya mkono juu ya kioo, mara nne. Ni mzee Wilfred Mott, babu yake Donna (mwenzi wa zamani wa safari za Daktari), aliyenaswa ndani ya kibanda cha kioo baada ya kuingia humo ili fundi mmoja apate kutoka, na anabisha kwa upole, kama mgeni anayechelea kumwamsha mwenye nyumba. Ili mzee atoke, lazima mwingine aingie, na mionzi itamwua atakayeingia. Vibanda hivyo, ambavyo kimoja hakifunguki mpaka kingine kiwe na mtu, vilikuwa vimekwisha kuoneshwa katika sehemu ya kwanza, siku ya Krismasi. Wilfred mwenyewe tulimfahamu tangu 2007. Carmen hakusema kwamba mbishaji atakuwa adui. Sisi ndio tuliomwongezea uadui, na ndiyo maana jibu lilituumiza na kuturidhisha kwa wakati mmoja.

Sasa tumtazame Ruby, aliyeachwa mlangoni pa kanisa akiwa mchanga, usiku wa kuamkia Krismasi ya 2004. Katika msimu wa 2024 tulioneshwa theluji ikimdondokea hata ndani ya kituo cha angani. Tulioneshwa Maestro, mla muziki, akishtushwa na wimbo uliofichika rohoni mwa binti huyo. Tulioneshwa Sutekh, mungu wa mauti anayejulikana kwa mashabiki tangu 1975, akiwaua viumbe wasio na idadi lakini akiwaacha hai Ruby na Daktari kwa sababu tu hakuweza kuuona uso wa mama aliyejifunika kofia ya joho. Kisha, Juni 22, tukaambiwa kwamba mama ni Louise, muuguzi aliyejifungua akiwa na umri wa miaka 15, na kwamba alionekana muhimu kwa sababu wote walimdhania kuwa muhimu.

Sina ugomvi na Louise. Tukio la mama na mwana kukutana mkahawani liliigizwa kwa huruma kubwa na Millie Gibson, mwigizaji wa Ruby, na kumpa heshima mwanamke wa kawaida ni jambo jema katika tamthilia yoyote. Ninachouliza ni theluji. Mawazo ya watu kuhusu mama yanawezaje kudondosha theluji juu ya mtoto? Wimbo ule ulitoka wapi? Hata kidole alichokinyoosha mama usiku wa kumwacha mtoto, ambacho tulielezwa kuwa kilielekea kwenye kibao cha jina la barabara ili mtoto apewe jina hilo, alikuwa akimwonesha nani, usiku ule, mbele ya mlango uliofungwa? Ukirudia vipindi vya Wilfred unakuta jibu limekaa mbele yako. Ukirudia vya Ruby, maajabu yanabaki bila mwenyewe.

Msomaji huyo aliandika pia kwamba tunapekua mno. Namkumbusha koti la 2010. Katika kipindi cha Mei 1, Daktari alilipoteza koti lake mikononi mwa Malaika wa mawe, maadui wenye umbo la sanamu, kisha punde akaonekana amelivaa, akimsihi Amy, mwenzake wa safari, akumbuke. Wako waliosema waigizaji wamekosea mavazi. Wako walioshikilia kwamba huyo ni Daktari aliyerudi kutoka wakati wa mbele. Juni 26 ikathibitika kwamba hao wa pili ndio waliosema kweli. Mwandishi wa wakati ule, Steven Moffat, alikuwa amewaamini watazamaji wake kiasi cha kuficha ufunguo wa msimu mzima katika vazi.

Nasisitiza haya kwa sababu fumbo jingine liko mezani. Mei 31, 2025, Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali aliyemwigiza Daktari, alimaliza zamu yake kwa kugeuka na kuwa na uso wa Billie Piper (Daktari hubadilika mwili badala ya kufa), na orodha ya waigizaji ikamtaja Piper bila kusema anamwigiza nani. Mjadala umewaka, na ni haki yetu kuujadili. Jibu linaweza kuwa dogo, linaweza kuwa la mtu wa kawaida kabisa, mradi lizaliwe na yale tuliyokwisha kuyaona. Mwaka 2005 Rose, mhusika wa Piper, aliutazama moyo wa TARDIS, chombo cha Daktari cha kusafiria nyakati, na kuyatawanya maneno mawili katika nyakati zote ili yamrudishe kwa Daktari. Waandishi wana pa kuanzia.

Msomaji wako,
Tanga