Teleka wanahitaji miezi miwili tu: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: VIOTA VYA TELEKA KWENYE MAJENGO YANAYOPAKWA RANGI

Mbukwa. Mimi ni fundi rangi. Nimeshika brashi katika mji huu tangu ulipokuwa manispaa, kabla haujatangazwa kuwa jiji Aprili 2018, wakati ukisema unakwenda Mtumba, ulipo sasa Mji wa Serikali, watu wanakuuliza unakwenda kulima nini. Barua pekee nilizowahi kuandikia ofisi ni za kudai malipo. Hii si ya malipo, kwa hiyo nikikosea taratibu uniwie radhi.

Ninamzungumzia yule ndege mdogo mweusi anayezunguka kwa makundi jioni juu ya paa za mjini, akipiga kelele nyembamba, mabawa yamepinda kama mundu, na kiunoni ana kiraka cheupe. Wengi wetu tunamwita mbayuwayu. Mbayuwayu ni mwingine. Mbayuwayu utamkuta amepumzika kwenye waya wa umeme, lakini huyu hutamwona hapo hata siku moja, kwa sababu miguu yake haikuumbwa kwa kukaa juu ya kitu. Ni mifupi, na vidole vyote vinne vinaweza kuelekea mbele, vya kung'ang'ania ukuta. Anaitwa teleka, neno hilohilo la kuteleka sufuria, na sijapata mtu wa kunieleza yanahusiana vipi.

Habari ya vidole sikuisoma mahali. Niliiona kwenye rangi yangu mwenyewe.

Ilikuwa Machi. Mwaka siutaji wala jengo silitaji, maana mwenyewe bado ni mteja. Tulipewa ghorofa tatu, katikati ya mji, na sharti lilikuwa moja: kila kitu kiwe kimekwisha kabla ya Bunge la Bajeti. Unajua Dodoma inavyokuwa Aprili. Wageni wanajaa, vyumba vinapanda bei, na kila mwenye nyumba anataka ing'ae. Ndiyo maana sisi mafundi rangi tuna msimu, na msimu wenyewe unaangukia Februari na Machi, mvua ikiwa bado ipo. Tunapaka kwa kuvizia jua.

Chini ya slabu ya juu, kona ya nyuma, kulikuwa na viota. Si viwili wala vitatu. Vilibanana kama vibuyu vilivyotundikwa jikoni, vingine vimeungana hadi hujui kipi kinaishia wapi. Nikapanda jukwaani na skrepa. Ukikigusa mara ya kwanza, kiota cha teleka unakidharau: manyoya, nyasi kavu, nyuzi, kipande cha mfuko wa nailoni. Vyote amevidaka hewani, kwa kuwa hashuki chini kuokota, kisha akavigandisha kwa mate yake. Nimetumia gundi za kopo na za mfuko, za bei zote, na nakuambia mate yale yakishakauka skrepa inateleza. Ilibidi nishike patasi na nyundo.

Vikaanguka na makinda. Kijana wangu aliyekuwa chini akaniita, "Fundi, humu kuna vitu vinapumua."

Nikamwambia afagie.

Tukaziba, tukasugua, tukapaka rangi ya mafuta ili unyevu usipite. Kwa ile hali ya hewa haikukauka usiku huo. Asubuhi nilipopanda kukagua nikakuta ukuta umechanwa. Mistari myembamba, minne minne, imejaa pale pale vilipokuwa viota, na hatua moja pembeni hapakuwa na hata mmoja. Walikuwa wamerudi jioni kulala, maana teleka hawa hulala kwenye viota vyao hata wakati ambao hawana mayai. Kila mmoja alikuwa akitafuta pa kushika kwake. Mwenye jengo akasema vijana wangu wamekwaruza kwa makusudi, akanikata fedha ya siku mbili. Sikubishana naye.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutazama juu, na wenzangu kijiweni wamenicheka vya kutosha. Baadaye nilipata kazi ya madarasa kwenye shule moja ya msingi, na mwalimu wa sayansi akaniona nimesimama chini ya baraza nimekodoa macho darini. Yeye ndiye aliyenifungua. Alisema tangu yai litagwe mpaka kinda liruke ni kama miezi miwili: wiki tatu hivi za kuatamia, halafu mwezi na zaidi wa kulisha. Akanionyesha mzazi anayerudi na uvimbe chini ya mdomo, kama mzee aliyebana tumbaku. Lile ni tonge. Anakamata wadudu hewani mmoja mmoja, anawabana kooni pamoja na mate mpaka wawe donge, ndipo anapanda kulisha. Na kinda likidondoka, ndiyo basi. Hata teleka mkubwa akiwa chini hupata taabu kuinuka, kwa miguu ile na mabawa yale marefu.

Hapa sitaki kukuuzia maneno. Utasikia watu wakisema ndege hawa watatumalizia malaria. Mbu wa malaria anauma usiku, saa ambazo teleka amelala, kwa hiyo neti zetu tuendelee nazo. Wanachokula ni nzi, mbawakawa wadogo, sisimizi wenye mabawa, na kumbikumbi. Desemba, mvua ya kwanza ikishapiga ile ardhi nyekundu na kumbikumbi wakaanza kutoka, simama popote ulipo utazame juu. Mimi huacha kazi.

Mwalimu huyohuyo alinieleza kuhusu binamu zao, teleka wa Ulaya, ambao hawana kile kiraka cheupe na huja Afrika kukimbia baridi ya kwao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, waliwafunga vifaa vidogo vya kurekodi, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba baadhi yao hukaa hewani miezi 10 mfululizo bila kutua. Wanakula humo humo na kulala humo humo. Wakirudi kwao kutaga, wanakuta matundu ya paa yamezibwa. Uingereza wamepungua zaidi ya nusu tangu 1995, na 2021 wakaingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Wadudu nao wamepungua, ndiyo, lakini sehemu ya lawama iko kwa mafundi wenzangu wa huko, waliokarabati vizuri mno. Huko kuna halmashauri inaitwa Brighton and Hove ambayo tangu 2020 inataka majengo mapya ya mita 5 kwenda juu yajengewe matofali maalumu yenye tundu, ndege aingie akae.

Tofali hilo sikuombi, Ndugu Mkurugenzi. Najua tutakavyofanya: tutaagiza kontena, litapigwa picha, litakaa bandarini. Na isitoshe haliwafai sana hawa wa kwetu. Teleka wetu hapendi kuingia shimoni. Anabandika kiota chake nje, kwenye pembe, chini ya kitu kinachomkinga mvua. Hapo zamani kitu hicho kilikuwa mwamba, na Dodoma ina miamba mpaka katikati ya makazi. Sisi tukaja na slabu, mabaraza na madaraja, naye akaona ni miamba ile ile. Miamba mingine kwa sasa tumeshaipasua kokoto.

Ninachokuomba ni kitu cha karatasi moja. Mtu akija kuomba kibali cha ukarabati wa jengo la ghorofa, kiwepo kipengele kwamba kabla ya kukwangua chini ya slabu au baraza, fundi atazame. Kutazama hakuna gharama: tochi ya simu, na kioo kidogo cha kunyolea ndevu kilichofungwa kwenye fimbo. Kukiwa na mayai au makinda, kipande hicho kiachwe miezi miwili na kazi iendelee kwingine. Basi. Miezi miwili kwa kipande cha hatua nne au tano, nyuma ya jengo ambako hata mgeni wa Bunge hafiki.

Siombi kamati. Kamati ikianza, teleka watakuwa wameshahamia Singida.

Wala siombi siku ya maadhimisho yenye fulana. Ila kwa majengo mapya ningesema neno kama fundi, ukiwa radhi kunisikia. Jiji linajengwa sasa, tangu serikali ilipotangaza 2016 kwamba inahamia kweli, na linajengwa kwa vioo na alukobondi, yale mabamba laini ya kufunikia kuta. Ni majengo mazuri, nimefanya kazi kwenye baadhi. Lakini ni laini kama sahani, hayana pa kushika. Mchoraji ramani akiambiwa aache upande mmoja wa nyuma, chini ya slabu, lipu ya kukwaruza isiyopigwa skimu ya kulainisha wala rangi ya mafuta, atakuwa amempunguzia mteja gharama. Hili huwa nawaambia wenye nyumba, na ndilo pekee wanalolikubali haraka.

Sasa kuhusu kinyesi, maana najua ndilo litakalokuja mezani kwako kwanza. Ni kweli, wanachafua. Ukuta unapata michirizi, na kama viota viko juu ya mlango wa kuingilia, mwenye duka ana haki ya kukasirika. Sitamwambia mtu afurahie jambo hilo. Kwenye ile shule tulipigilia ubao chini ya viota, kama mita moja kwenda chini, upana wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Umbali ule una maana: teleka anapoondoka hujiangusha kwanza ndipo anashika hewa, ukimwekea ubao karibu unamziba. Kinyesi chote kikawa kinadondokea pale. Wanafunzi wanaupangusa mwisho wa muhula, ubao ukiwa mkavu unamwagiwa maji kwanza ili vumbi lisiwaingie puani, na mwalimu anasimamia. Mabaki ya mbao tuliyapata kwa seremala bure. Ukuta ule niliupaka mimi mwenyewe na mpaka leo chini ya ubao ni msafi.

Watoto wale sasa wanahesabu viota, wana daftari. Wanajua kipi kina wenyewe na kipi shomoro amekipora. Kuna binti wa darasa la tano ambaye aliwahi kunisimamisha njiani Chang'ombe, mbele ya watu, akaniuliza, "Babu fundi, ni kweli ulikuwa unawaua?" Nikasema kweli. Akaandika.

Kijiweni kwetu, pale tunapokaa na ndoo na rola zetu kusubiri kazi, tumekubaliana watu kama kumi hivi kwamba hatukwangui kiota chenye kitu ndani. Ni makubaliano ya mdomo na yana uzito wa mdomo. Mwenye jengo akisema "toa au namwita mwingine", yule mwingine yupo, amekaa mita tano kutoka hapo, na ana watoto wa kusomesha kama mimi. Simlaumu. Mwaka huu nimepoteza kazi mbili kwa sababu hiyo, na zote mbili zilifanyika wiki ileile, viota vikatoka. Ndiyo sababu ninakuandikia wewe na si wenzangu. Fundi mmoja akikataa anakosa kazi, lakini kibali kikisema, sote tunangoja pamoja na hakuna aliyemzidi mwenzake.

Kuna swali moja sijalijibu, na wakandarasi wako watakuuliza. Jukwaa. Ukiacha kipande, itabidi urudi, na kurudi ni kukodi jukwaa mara ya pili, ambalo kwa ghorofa tatu si fedha ndogo. Nimelifikiria sana. Mara nyingi kipande chenyewe ni kidogo kiasi kwamba ngazi ndefu ya kuunganisha na rola ya mpini mrefu vinatosha, na hapo gharama ni nusu siku ya watu wawili. Pale ambapo haiwezekani, nadhani kipande kingeachwa tu mpaka ukarabati unaofuata. Rangi ya zamani chini ya slabu haijawahi kuangusha jengo. Lakini hili lizungumzwe na watu wa idara yako ya ujenzi, maana wao wanajua hesabu kunishinda.

Kwa sasa nina kazi moja, jengo la ghorofa mbili, mwenyewe amekubali nimalize mbele na pembeni na niache kona ya nyuma hadi makinda yaruke. Aliniuliza mara tatu kama nitarudi kweli. Jioni kuanzia saa kumi na mbili wanarudi kulala, wote kwa mkupuo, wanapiga mizunguko miwili mitatu halafu wanaingia kwa kasi ambayo utadhani watajigonga. Ukituma mtu wa idara, au ukipata nafasi mwenyewe ukitoka ofisini, aje nimwonyeshe. Ngazi ninayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi rangi,
Chang'ombe, Dodoma