YAH: KUUZIWA KIFURUSHI KIKUBWA CHA INTANETI KWA TATIZO LA UKUTA

Mji Mkongwe,
Bagamoyo.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nyumba ninayoishi nimeirithi kwa bibi. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari la boriti, na kuta zake zina unene wa dhiraa nzima. Nayataja haya mapema kwa sababu fundi wenu hakuyatazama.

Alifunga ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, sebuleni, nyuma ya tivii, palepale waya ulipoingilia. Akakaa kwenye kochi, akajaribu simu yake, akasema, "Mama, iko vizuri," akanipa karatasi nisaini. Sebuleni kweli iko vizuri, lakini hatulali sebuleni. Tuna vifaa tisa: simu tano, tivii mbili, kompyuta ya binti yangu anayesoma chuo, na printa. Vingi viko vyumba vya nyuma, na huko ni kutazama kiduara kikizunguka tu, hakuna kinachofunguka.

Nilipopiga simu niliambiwa kifurushi changu cha kasi ya megabiti 20 kwa sekunde hakitoshi kwa vifaa tisa. Nikapanda hadi 40, shilingi 30,000 zaidi kila mwezi. Hali ikabaki ileile. Nikapiga tena, nikashauriwa nipande hadi 60! Hapo nikamwomba mpwa wangu achomeke kompyuta kwenye ruta kwa waya. Ikasoma 38. Bila waya, sebuleni, 35. Nyuma ya ukuta wa pili, 1, na jioni hata hiyo moja haipo. Kwa hiyo intaneti inafika kwangu nzima, inafia ukutani. Mtu bomba lake la jikoni limeziba, ninyi mnamuuzia tangi kubwa.

Ruta yenu ina masafa mawili ya mawimbi. Yale ya gigahezi 5 yana kasi lakini ukuta unayashinda upesi. Ya gigahezi 2.4 yanapenya zaidi, ila kwa mawe haya nayo yanachoka. Hili analijua hata mpwa wangu, naye anauza vocha.

Kisha nikauziwa kisanduku cha pili, shilingi 120,000. Fundi mwingine akakiweka chumba cha nyuma kabisa, pale pale mawimbi yasipofika. Kisanduku kile hakizalishi intaneti, kinapokea na kurusha tena. Kitarusha nini? Tena amekiacha na jina lake la mtandao na kikigawa chenyewe anwani, yaani namba za kutambulisha kila kifaa mtandaoni, kana kwamba ni ruta ya nyumba nyingine. Matokeo yake printa iko mtandao mmoja na kompyuta mwingine, hazionani. Binti yangu akitaka kuchapa kazi ya chuo hubeba kompyuta hadi sebuleni kama anayepeleka mgonjwa. Na nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta bado ni lile la kiwandani, lililobandikwa chini yake, mgeni yeyote anaweza kulisoma.

Naomba aje fundi atakayetembea nyumba nzima kabla ya kufungua begi lake. Avute waya juu ya boriti kutoka kwenye ruta hadi ukumbi wa kati, kisanduku kikae huko, kizimwe kugawa anwani, na nyumba iwe na jina moja la mtandao. Waya mmoja tu, mita kumi na tano hivi. Kutoboa ukuta nitasimamia mwenyewe, maana chokaa ya zamani ina ufundi wake. Nirudishwe kwenye megabiti 20, na nyongeza niliyolipa kwa miezi mitatu, shilingi 90,000, irudi.

Malalamiko ya mteja huanzia kwa mtoa huduma kabla ya kufika TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ndiyo maana nimeanza kwenu. Nimehifadhi risiti zote na picha za vipimo vya kila chumba.

Wenu,
Mteja wa Mji Mkongwe, Bagamoyo