Shukrani kwa mliotushika mkono katika msiba wa mama yetu

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sisi watoto na wajukuu wa marehemu tunawashukuru jamaa, majirani na mashoga zake mama mliokuwa nasi tangu alipotutoka hadi siku ya hitma. Kuwataja nyote hatuwezi. Wengine hata majina hatuyajui, maana mlisema tu "tulikuwa naye klabu" mkajifunga kanga na kuingia jikoni.

Klabu yenyewe ni ya taarab, Sahib el-Arry. Mama hakuwa mwimbaji wa mbele. Alikuwa mwitikiaji wa safu ya pili, karibu na fidla, na kwenye kila picha tuliyonayo anaonekana nusu uso, nusu amezibwa na bega la mwenzake. Nyimbo alizoimba peke yake hazifiki tano. Tulipokuwa wadogo tukimwonea uchungu alitwambia kwamba hata Siti binti Saad, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti kwenye santuri, alikuwa na wenzake kina Budda na Subeti. Tena, kwa maringo kidogo, husema mwimbaji akisahau ubeti ni waitikiaji wanaomrudisha njiani, na watu wakaendelea kumtunza pesa mwimbaji bila kujua kitu. Majina ya waliosahau amekwenda nayo.

Shukrani za pekee kwa kina bibi wa Nuru el-Uyun. Wanaokumbuka klabu mbili hizi zilivyokuwa zikirushiana mafumbo wataelewa kwa nini tulishtuka kukuoneni mlangoni kabla jua halijachomoza, wa mwanzo kufika. Mmoja wenu alikaa pembeni mwa mkeka, akawa anasema peke yake, "Sasa nani atanijibu?"

Tunawashukuru pia madaktari na wauguzi, waliomwosha na kumkafini, imamu wetu, na vijana waliochimba kaburi Mwanakwerekwe mvua ikinyesha. Waliokosa chai siku ya pili mtusamehe. Hatukutarajia umma ule.

Arubaini itasomwa hapa hapa nyumbani, inshallah. Mwenye kanda ya zamani ya klabu atuazime, tutairejesha. Tunataka kumsikia tena, hata kama ni katikati ya sauti za wenzake.

Wanafamilia, Unguja