Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mnara Wetu wa Barabarani

Ndugu wanachama, assalamu alaykum, na wengine wote hamjambo.

Katiba ya chama chetu, kinachoutunza mnara huu wa kaburi la kale hapa Malindi, inanitaka nisome taarifa mbele yenu kila mwaka, na huu ni mwaka wangu wa nne katika kiti hiki. Shughuli za kawaida mnazijua. Tulifyeka majani kabla ya masika na tena kabla ya vuli. Tulibandua mabango ya matamasha na ya wagombea yaliyogandishwa kwenye nguzo. Wanafunzi wa shule tatu walikuja kuutazama mnara, na mara zote tatu niliwaeleza historia mimi mwenyewe, kwa kuwa waliopangiwa kazi hiyo hawakutokea. Mwenzetu mmoja ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Madereva wa tuktuk wameendelea kushirikiana nasi vizuri, na nawashukuru.

Fedha: tulipokea shilingi 143,600, yaani ada 22,800, harambee 96,500, na mchango wa madereva 24,300. Tulitumia 131,950, ambapo 88,000 zilikwenda kwenye chokaa, usafiri na mikono ya fundi. Salio ni 11,650. Vitabu anavyo mweka hazina, na anayetaka kuvikagua aende mchana kweupe.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo limesemwa barazani, sokoni na kwenye simu, kila mahali isipokuwa mkutanoni.

Mwezi wa Machi mfadhili mmoja, ambaye sitamtaja, alitupa ahadi ya mifuko 30 ya saruji, rangi ya mafuta na mafundi wake mwenyewe. Mnara wote upigwe lipu mpya, upakwe rangi ya kung'aa, na chini liandikwe jina la biashara yake. Kamati ilikaa. Watatu tulikataa, wawili walitaka tukubali. Barua ya kukataa niliitia sahihi mimi, na uamuzi huo nausimamia leo kama nilivyousimamia siku ile. Nimeambiwa nimefukuza riziki, na kwamba napenda magofu kuliko maendeleo. Nyumbani kwangu pia wamekuja watu kunisema. Basi nisikilizeni.

Kwanza ni sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 hairuhusu mtu kubadilisha mnara wa kale kwa hiari yake, na chama hakina ruhusa ya kukaribisha mafundi wa mtu yeyote. Kazi ndogo ya chokaa tuliyoifanya mwaka huu ilifanywa baada ya maofisa wa Makumbusho ya Taifa kuja kuangalia na kutuonyesha mipaka. Tungekubali zile saruji, anayeitwa kujieleza ni mwenyekiti, si hao wanaonisema barazani.

Pili, na hili ndilo kubwa, ni saruji yenyewe. Mnara wetu umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, hunyonya maji kutoka ardhini pamoja na chumvi, nasi tuko hatua chache na bahari. Chokaa huacha unyevu utoke. Saruji ni ngumu na huuziba, kwa hiyo maji hubaki ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, hukauka na kuvimba, na mwishowe lipu hudondoka ikiwa imeng'oa uso wa jiwe. Kuna aliyeuliza mbona wazee wetu hawakutumia saruji. Saruji ya Portland ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824. Watu walikuwa wamejenga minara ya makaburi pwani hii kwa mamia ya miaka kabla ya hapo.

Waliokuwepo siku ya usafi wa Juni waliona kwa macho yao. Upande wa kusi kuna kiraka cha saruji kilichopigwa zamani, kabla ya chama hiki kuwepo. Nilikigonga kwa ufunguo wa nyumba, kikalia utupu. Fundi akatia ncha ya mwiko pembeni, kiraka kikatoka kipande kizima, upana wa sinia, na mgongoni kimeshika punje za matumbawe na chumvi nyeupe. Pale kilipokuwa, jiwe linavunjika kwa kidole. Nje ya kiraka, kwenye chokaa ya wazee, jiwe ni zima. Kile kipande nimekileta, kiko mezani hapa. Kipitisheni mkono kwa mkono.

Chokaa imetugharimu zaidi na imetuchelewesha, hilo ni kweli. Ilibidi izimwe kwa maji, ilale shimoni wiki kadhaa ikiwa imefunikwa magunia yaliyoloweshwa, ndipo ipigwe kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiriwa ikauke polepole. Fundi tulimtoa Lamu, ambako kazi hii bado wanaijua vizuri. Nilimtafuta mimi, nikampokea stendi mimi, na siku alizokuwa hapa alikula kwangu. Hilo halimo katika matumizi niliyoyasoma.

Tatu, wapo wanaosema watalii wanakwenda kwenye mnara wa Vasco da Gama, yule baharia Mreno, kwa hiyo nguvu zetu tungezipeleka kule. Ule mnara kule rasini nauheshimu, ni sehemu ya mji wetu, na msalaba wake ni wa jiwe lililotoka Ureno. Una Makumbusho, una kiingilio, una mlinzi. Wetu una nani? Vasco alipofika Malindi Aprili 1498 alikuta mji wenye sultani na wenye biashara na Bara Hindi. Pale Gede, kwenye magofu ya mji wa kale karibu nasi, kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Miaka 99 kabla yake. Mwaka 1415 Malindi ilikuwa imeshampelekea twiga mfalme Yongle wa China, na sarafu ya zama za mfalme huyo huyo iliokotwa Mambrui, kaskazini mwetu, mwaka 2010 na wachimbuzi wa Kenya na China. Mnara wa kaburi wa Mambrui ulipambwa kwa mabakuli ya enzi ya Ming ya China. Wetu umebaki na vishimo saba vya duara ambamo mabakuli ya kaure yalikuwa yamepachikwa kabla watu hawajayang'oa. Ukitia mkono ndani ya kile cha chini unapapasa alama ya kitako cha bakuli kwenye chokaa. Tungepiga lipu ya saruji, hiyo alama ingekwisha siku hiyo hiyo.

Makaburi ya namna hii, yenye nguzo ya mawe, ni ya pwani yetu ya Afrika Mashariki: Somalia, Lamu, huku kwetu, mpaka Kaole na Kunduchi huko Tanzania. Leo abiria akimwambia kondakta "nishushe mnarani" anautaja bila kujua ni kaburi. Vijana wanauegemea wakisubiri abiria. Siwalaumu, hawajaelezwa. Mzee mmoja wa kamati alisema siku ile, usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi sikuwa na la kuongeza.

Niseme na hili la mahudhurio, maana linaniuma. Daftari lina wanachama 71. Waliolipa ada ni 19. Ada ni shilingi 1,200 kwa mwaka, shilingi mia kwa mwezi. Waliobaki wangelipa, tungekuwa na 62,400 zaidi, na upande wa kaskazini ungekuwa umekwisha kabla ya vuli. Mikutano miwili haikufikia akidi, nikakaa na katibu na viti vitupu. Wengi wa waliolalamika kuhusu saruji hawakuhudhuria hata mmoja, na baadhi yao hawajalipa tangu mwaka juzi. Mwanachama ana haki ya kunipinga, na mlango uko wazi, lakini aje mkutanoni, alipe ada, asimame aseme.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijaalia, kumaliza upande wa kaskazini. Tungependa pia kuzungumza na serikali ya kaunti ili stendi ya tuktuk isogezwe kidogo, kwa sababu mitetemo na moshi haviusaidii mnara, na ikiwezekana tupate kibao cha maelezo kwa Kiswahili. Gede imeingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, na huenda baadhi ya wageni wa kule wakapitia na kwetu. Tutaona.

Mweka hazina ameketi mlangoni na kitabu cha risiti. Nawashukuru wote waliofika leo, na hasa wale 19.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti